François Huber, Kipofu Aliyewachungua Nyuki

Wazee wetu walisema, fuata nyuki ule asali. Watu wengi huishika ile sehemu ya pili ya methali hii, yaani kula asali, lakini wale wanaowafuata nyuki wenyewe ni wachache. Katika toleo hili la gazeti letu nimeonelea vema niwasimulie wasomaji wenzangu habari za mtu mmoja aliyewafuata nyuki kwa muda mrefu wa maisha yake, si kwa kutaka asali, bali kwa kutaka kujua. Na jambo la ajabu ni kwamba mtu huyo alikuwa kipofu. Jina lake ni François Huber.

Huber alizaliwa tarehe 2 Julai mwaka 1750 katika mji wa Geneva. Siku hizo Geneva ilikuwa jamhuri ndogo ya peke yake. Leo ni mji wa nchi ya Uswisi. Baba yake, Jean Huber, alikuwa mchoraji hodari aliyejulikana sana kwa kukata picha za watu katika karatasi kwa mkasi, naye alipenda pia kuwachungua ndege wawindao. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ambayo watu wake walizoea kutazama vitu kwa makini.

Tangu utoto François alipenda vitabu kupita kiasi. Alisoma mchana, na usiku akasoma tena kwa nuru hafifu. Alipofikia umri wa miaka 15 hivi, afya yake ilianza kudhoofika, na macho yake nayo yakaanza kufifia. Wazazi wake walimpeleka Paris kwa waganga waliosifiwa sana. Mwili ulipata nguvu tena, lakini kwa macho hapakuwa na dawa. Nuru ikapungua kidogo kidogo, hata akaingia gizani kabisa.

Kabla ya hapo alikuwa amempenda msichana aitwaye Marie-Aimée Lullin, binti wa mmoja wa wakubwa wa mji. Baba wa msichana alikataa katakata binti yake asiolewe na mtu anayekuwa kipofu. Marie hakugombana na baba yake, lakini pia hakubadili nia. Alingoja miaka kadhaa mpaka akatimiza umri wa miaka 25, ambao sheria ilimpa ruhusa ya kujiamulia mwenyewe, ndipo akaolewa na François mwaka 1776. Akawa msomaji wake na mwandishi wake. Inasimuliwa kwamba wakati wa vita alichomeka pini zenye vichwa vikubwa na vidogo katika ramani, ili mumewe apate kupapasa kwa vidole na kujua majeshi yako wapi. Ama kwa hakika huyu alikuwa mke wa namna ya pekee.

Sasa tufike kwenye nyuki. Katika nyumba ya Huber palikuwa na mtumishi kijana, jina lake François Burnens, mtu wa mashamba ya sehemu za Vaud. Hakuwa na elimu kubwa. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumsomea bwana wake vitabu, na miongoni mwa vitabu hivyo vilikuwamo vya Réaumur, mtaalamu wa Ufaransa aliyeandika mengi juu ya wadudu. Huber akasikiliza, akaona kwamba habari za nyuki zina mapengo mengi. Akaanza kumwuliza Burnens maswali, akamtuma mzingani akatazame, akamwuliza tena. Akagundua kwamba kijana huyu ana vitu viwili adimu: macho makali, na moyo usiochoka.

Mwanzoni Huber aliogopa. Alijiuliza atajuaje kwamba anayoambiwa ni kweli? Basi akafanya hivi. Alimwamuru Burnens arudie majaribio ambayo Réaumur alikwisha kuyafanya na kuyaandika, akalinganisha majibu. Majibu yalipopatana, akajua kwamba macho ya mtumishi wake ni ya kutegemewa, ndipo wakaanza kufanya majaribio mapya ambayo hayakuwa yamefanywa na mtu ye yote.

Mizinga ya siku hizo ilikuwa kama vikapu vya majani makavu. Ukitaka kuona ndani, huna budi uivunje. Huber alibuni mzinga wa fremu za mbao zilizounganishwa kwa bawaba, hivi kwamba uliweza kufunguliwa kama kurasa za kitabu, na sega moja moja likatazamwa pande zote mbili. Kwa mzinga huo waligundua mambo mengi. Mwaka 1788 waliweza kuonyesha kwamba malkia wa nyuki hakutani na madume ndani ya mzinga, bali huruka nje, hukutana nao angani, kisha hurudi.

Katika uchunguzi mmoja ilihitajiwa kujua kama kuna nyuki watenda kazi wanaotaga mayai. Burnens aliwashika nyuki wote wa mizinga miwili, mmoja mmoja, kwa mkono, akawatazama. Kazi hiyo ilimchukua siku 11, na katika siku hizo hakupumzika ila pale macho yalipokataa kuendelea. Hebu fikirini, wasomaji: maelfu kwa maelfu ya nyuki wenye miiba, na mtu mmoja akiwachukua kila mmoja katika vidole vyake!

Hapa nataka kusema jambo moja linalonihusu. Katika darasa letu yuko mwenzetu asiyeona, nami kila jioni baada ya chakula humsomea vitabu ambavyo havijapatikana kwa maandishi ya nukta. Yeye amechagua bayolojia, na wako watu wanaomwambia kwamba sayansi si kazi ya mtu asiyeona, heri achague masomo mengine. Kwa sababu hiyo nilipoyasoma maisha ya Huber sikuyasoma kama hadithi ya kale tu. Nimejifunza pia kutoka kwa Burnens, maana kazi yangu ni kama yake. Mtu anayemwonea mwenzake hana ruhusa ya kusema anachodhani mwenzake anapenda kusikia. Husema alichokiona, na kama hakuona, husema hakuona. Rafiki yangu huniuliza maswali mengi juu ya kila picha iliyomo kitabuni, na mara nyingi swali lake hunifanya nione kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita.

Sasa nitaeleza uchunguzi wa Huber ambao faida yake hutumika hata leo, nao ni juu ya chakula cha nyuki. Katika nchi za Ulaya kuna majira ya baridi kali. Kwa miezi kadhaa theluji hufunika ardhi, maua hayapo, na nyuki hawawezi kuruka. Kwetu sisi, maua yakikosekana, nyuki wengi huhama wakaenda kutafuta mahali penye neema. Nyuki wa Ulaya hawana pa kuhamia wakati huo, maana kila upande ni baridi. Akiba waliyojiwekea ikiisha kabla ya majira mapya, hufa wote.

Watu wengi walidhani kwamba nyuki hulala usingizi mzito wakati wa baridi, kama wafanyavyo wadudu wengine, na kwa hiyo hawahitaji chakula kingi. Huber akatia kipimajoto mzingani wakati ambapo nje maji yameganda. Katika mzinga wenye nyuki wengi akakuta joto la nyuzi 30 hivi za sentigredi! Basi, nyuki hawakulala. Walikuwa wamekusanyika pamoja kama mpira, wakijitikisa ili kutunza joto lao. Leo tunajua kwamba nyuki hutikisa ile misuli ya kurukia bila kuruka, na kazi hiyo hutoa joto. Lakini kazi yo yote huhitaji chakula, kama moto unavyohitaji kuni. Asali ndiyo kuni za mzinga wakati wa baridi.

Swali la pili lilikuwa juu ya nta. Tangu zamani wataalamu waliamini kwamba nyuki hutengeneza nta kwa chavua, ule unga wa maua wanaoubeba miguuni. Huber hakukubali kabla ya kujaribu. Aliwafungia nyuki mahali wasipoweza kutoka, akawapa asali na maji tu, bila chavua hata chembe. Baada ya siku chache wakawa wamejenga masega meupe mazuri. Akaamuru masega yaondolewe, nyuki wakapewa asali tena. Nao wakajenga tena. Jambo hilo likarudiwa mara kadhaa, mpaka isiwezekane kusema kwamba nta ilitokana na chavua iliyobaki matumboni mwao. Kisha akawafungia nyuki wengine, akawapa chavua na matunda bila asali. Hawa hawakujenga kitu.

Mtu mwingine angeishia hapo, akashangilia. Huber hakuishia hapo. Alijisemea moyoni kwamba asali hutoka katika masega. Je, haiwezekani kwamba asali ina nta iliyojificha ndani yake, nao nyuki huitoa tu? Ili kuondoa shaka hiyo alihitaji kitu kitamu ambacho hakikutoka mzingani kabisa. Kitu hicho ni sukari. Akachukua makundi ya nyuki, moja akalipa sharubati ya sukari nyeupe, jingine sukari nyekundu isiyosafishwa, na jingine asali kwa ajili ya kulinganisha. Makundi yote yalitoa nta, na yale ya sukari yalianza mapema zaidi na kutoa nta nyingi zaidi kuliko lile la asali. Hapo ikadhihirika kwamba nyuki huigeuza sukari ikawa nta ndani ya mwili wake mwenyewe.

Na ile chavua, je, ina kazi gani? Huber akawafungia nyuki waliokuwa na watoto wachanga katika masega, akawanyima chavua. Watoto wakafa. Alipowapa wengine chavua, watoto wakalelewa vizuri. Kwa hiyo akatenganisha kazi za vyakula viwili: utamu hutoa nguvu, joto na nta, chavua hujenga miili ya watoto. Sisi katika darasa la bayolojia tungesema wanga na protini.

Huenda msomaji akauliza, mambo haya yana faida gani kwa mfugaji? Faida yake huonekana majira ya baridi. Mfugaji wa Ulaya akiinua mzinga wake na kuuona mwepesi, hujua kwamba akiba inakwisha. Kwa kuwa nyuki huweza kuishi kwa sukari kama kwa asali, huwapa sukari. Lakini hawapi sharubati ya maji maji, maana katika baridi nyuki hawawezi kuyakausha maji hayo, na unyevu huleta maradhi mzingani. Huwapa bonge laini la sukari, ambalo wao huliita fondanti. Huber hakulivumbua bonge hilo. Lilikuja baadaye, wakati sukari ilipokuwa rahisi. Katika siku zake sukari nyingi iliyoliwa Ulaya ilitoka katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa kwa jasho la watumwa waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika, nayo ilikuwa ghali mno kupewa wadudu. Katika karne ya 19 sukari ya viazisukari ilipoenea, bei ikashuka.

Namna ya kulitengeneza si ngumu, na ye yote aliyewahi kupika kashata anaweza kuielewa. Huchukuliwa sukari nyeupe kilo 4 na maji lita 1. Sufuria huwekwa juu ya moto mdogo, na mchanganyiko hukorogwa mpaka sukari yote iyeyuke. Kisha mwiko huondolewa, ikaachwa ichemke mpaka kipimajoto kifike nyuzi 115 hivi. Asiye na kipimajoto hudondosha tone katika maji baridi. Likifanya kidonge laini kinachobonyea kwa vidole, imeiva. Ni lazima kuangalia isiungue, kwa kuwa sukari iliyoungua ni sumu kwa nyuki. Sufuria huepuliwa, ikaachwa ipoe hata iwe vuguvugu, ndipo hukorogwa kwa nguvu. Mara ile sharubati iliyokuwa ang'avu hugeuka kuwa nyeupe na nzito, ikamiminwa katika bakuli ili igande. Sababu yake ni kwamba sharubati ikikorogwa ikiwa imepoa, hufanya chembe ndogo mno ambazo nyuki huweza kuzilamba. Ikikorogwa ikiwa ya moto sana, chembe huwa kubwa na ngumu kama mchanga. Bonge hilo huwekwa juu ya fremu, karibu kabisa na pale nyuki walipojikusanya, wapate kula bila kuondoka katika joto lao.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Sukari nyekundu ilimpa Huber nta nyingi, lakini wafugaji wa leo hawaitumii majira ya baridi, kwa sababu ina takataka ambazo huwaharisha nyuki wasioweza kutoka nje kujisaidia. Wala bonge la sukari halitoshi kwa kulea watoto, kwa kuwa halina chavua, kama Huber mwenyewe alivyokwisha kuonyesha. Ni chakula cha kuwavusha wakati wa dhiki tu. Mfugaji mwema huwaachia nyuki asali ya kutosha tangu mwanzo, asije akawa mtu wa kula shambani kwa jirani na kumwachia mabua.

Turudi kwenye maisha ya Huber. Mwaka 1792 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya nyuki, kilichoandikwa kwa namna ya barua kwa rafiki yake Charles Bonnet, mtaalamu wa Geneva ambaye macho yake pia yalikuwa yamedhoofika. Kitabu hicho kikamfanya ajulikane Ulaya nzima, na wasomaji wengine hawakuweza kusadiki kwamba mwandishi ni kipofu. Katika kitabu hicho hakulificha jina la Burnens. Alieleza waziwazi kazi ya mtumishi wake na uvumilivu wake, jambo ambalo mabwana wengi wa siku hizo wasingelifanya.

Mwaka 1795 Burnens alirudi kwao, na huko watu wa kwao wakamfanya hakimu. Huber aliendelea kwa msaada wa mkewe, na baadaye wa mwanawe Pierre, ambaye mwenyewe alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa sisimizi. Pamoja na mtaalamu Jean Senebier alichunguza hewa ya mzinga, na jinsi nyuki wanavyopiga mabawa mlangoni ili kuingiza hewa safi. Mwaka 1814 kitabu chake kilitolewa tena kwa juzuu mbili, safari hii pamoja na uchunguzi wa nta na sukari. Huber alifariki tarehe 22 Desemba 1831 mjini Lausanne, kwa binti yake, mwenye umri wa miaka 81.

Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 1851, Mmarekani aitwaye Lorenzo Langstroth, aliyekuwa amesoma kazi za Huber na kujaribu mzinga wake, alibuni mzinga wa fremu zinazotolewa juu, ambao namna yake sasa hutumika karibu dunia nzima. Kwa hiyo kila anayefungua mzinga wa fremu leo, awe Ulaya au katika misitu yetu ya miombo, ana deni kwa kipofu wa Geneva.

Wasomaji wenzangu, katika maisha haya mimi naona fundisho moja kubwa. Wengi waliishi na mizinga nyuma ya nyumba zao, macho yao mazima, wakaendelea kuamini kwamba nyuki hulala wakati wa baridi na kwamba nta ni chavua. Huber hakuwaona nyuki aliokuwa akiwachungua, lakini alijua kuuliza swali ambalo lina jibu, alijua kulirudia jaribio mpaka shaka iondoke, na alijua kumchagua mtu mkweli wa kumsaidia na kumpa heshima yake. Hayo matatu hayahitaji macho. Basi mtu asimwambie mwenzetu ye yote wa shule hii kwamba chumba cha maabara si mahali pake. Amwulize kwanza ana swali gani. Kisha, kama anaweza, amtazamie vizuri, amwambie kweli.